PIC, jedwali la MP au ACPI: kerneli imuulize nani kuhusu makatizo kwenye mashine kongwe za prosesa nyingi?

Kuna kadi ya mtandao iliyonimalizia wikendi mbili. Ilikuwa kwenye mashine ya mtumba yenye Pentium III mbili, na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ninayoiandika ilikuwa imeshaziamsha prosesa zote mbili vizuri. Kadi ilituma pakiti, nikaziona zikifika kwenye kompyuta ya pili. Majibu yakarudi, yakaingia kwenye kumbukumbu, yakakaa humo. Kerneli haikupata habari, kwa sababu katizo, ile ishara ambayo kifaa huitumia kuiita prosesa, halikuifikia. Nilikuwa nimesoma namba 11 kwenye rejista ya 0x3C ya kadi, nikafungua pini ya 11 kwenye IO-APIC, chipu inayopokea waya za vifaa na kuyapeleka makatizo kwa prosesa, nikawa nasubiri hodi kwenye mlango ambao mgeni hapiti. Waya wa kadi ile ulikuwa unaishia kwenye pini ya 19.

Namba 11 haikuwa kosa la BIOS, programu ya kuwashia iliyo kwenye ubao mama. Lilikuwa jibu sahihi la swali ambalo sikuuliza: BIOS inaijaza rejista ile kwa ajili ya chipu ya zamani, PIC, na IO-APIC ina hesabu zake. Tangu siku hiyo naliangalia suala la makatizo kwa jicho jingine. Kuijaza IO-APIC ni kazi ya mchana mmoja. Kazi kubwa ni kuchagua nani wa kumwamini akuambie waya upi unaishia wapi.

Kwenye kompyuta za x86 zenye prosesa zaidi ya moja, kuanzia zile za 1994 hadi za miaka ya mwanzo ya 2000, wanaoweza kukujibu ni watatu: mpangilio wa kale wa PIC, jedwali la MP (la mashine za prosesa nyingi) la Intel, na ACPI, mfumo wa baadaye wa BIOS kuielezea kerneli vifaa vya mashine. Makala hii ni kwa anayeandika kerneli yake na hajui aanze na yupi, na pia kwa anayefufua mashine ya aina hiyo kwa Linux au FreeBSD na amekwama kwenye kuwasha.

## Tutakavyopima

Kila njia nitaipitisha kwenye maswali yaleyale matano. Ramani ya waya inatoka wapi? Prosesa zote zinashiriki kiasi gani? Kuna kazi gani ya kuandika? Ikikwama, inakwama wapi na dalili yake ni ipi? Inamfaa nani? Swali la nne nalipa uzito kuliko mengine, kwa sababu makatizo yakikosewa mashine mara nyingi haikwambii lolote. Inanyamaza, au inaganda.

Mambo mawili ya kushika kabla hatujaanza. Vifaa vya ISA, njia ya kale ya kuunganisha vifaa, hubisha kwa ukingo: waya unapanda mara moja, kama mtu anayepiga hodi moja na kutulia. Vifaa vya PCI, njia iliyoifuata, hubisha kwa kiwango: waya unashushwa na kubaki chini mpaka kifaa kihudumiwe, kama mtoto anayelia mpaka abebwe. Ukiitega pini ya PCI kama ya ukingo, utapoteza makatizo pale vifaa viwili vinapotumia waya mmoja. Ukikosea upande, ukaiambia chipu kwamba kilio ni waya kuwa juu wakati ni kuwa chini, waya uliotulia utahesabiwa kuwa unalia, na prosesa itazama kwenye makatizo yasiyo na mwenyewe. Linux ina kinga yake hapo: kati ya makatizo 100,000 ya laini moja, yakikosa wa kuyahudumia zaidi ya 99,900, inaifunga laini na kuandika kwenye kumbukumbu zake kwamba hakuna aliyejali. Kerneli yako changa haina kinga hiyo bado.

## Njia ya kwanza: PIC mbili za 8259A

Ramani. Hii ndiyo ramani rahisi kuliko zote kwa sababu sehemu yake kubwa haibadiliki. Kila chipu ina laini 8, na mbili zimeunganishwa kupitia laini ya 2, hivyo zinabaki 15 za kutumia. Saa iko 0, kibodi 1, poti ya kwanza ya serial 4, diski za IDE 14 na 15. Kwa vifaa vya PCI, BIOS imeshagawa laini wakati wa kuwaka na kuacha namba kwenye 0x3C ya kila kifaa. Hapa namba ile ni ya kweli kabisa. Ukitaka kugawa upya mwenyewe, kuna jedwali lenye saini ya `$PIR` katika eneo la 0xF0000 hadi 0xFFFFF, linaloonyesha kila kifaa kinaweza kupelekwa kwenye laini zipi.

Prosesa. Waya wa kutokea PIC unafika kwenye prosesa moja, ile iliyowaka kwanza. Prosesa nyingine hazipati katizo la kifaa chochote. Hata hivyo wengi hawaijui nafasi iliyopo hapa: kuacha vifaa kwenye PIC hakukuzuii kuwa na kerneli ya prosesa nyingi. APIC ya ndani, iliyo ndani ya kila prosesa tangu Pentium ya kizazi cha pili, bado inaweza kutuma ujumbe kati ya prosesa na kutoa saa ya kila prosesa. Linux ukiiwasha kwa `noapic` huendesha prosesa zote namna hiyo. Fungua `/proc/interrupts` uone: kila kifaa kimeandikwa XT-PIC, safu ya CPU0 ina namba kubwa, na safu ya CPU1 ina sifuri kuanzia juu mpaka kwenye mistari ya APIC ya ndani.

Kazi ya kuandika. Ndogo. Unatuma baiti nne za kuanzishia kwa kila chipu kupitia poti 0x20, 0x21, 0xA0 na 0xA1, na la lazima ni kuhamisha vekta, yaani namba ambazo prosesa hupokelea makatizo. BIOS inaziacha laini za kwanza kwenye vekta 0x08 hadi 0x0F, na hizo prosesa inazihitaji kwa hitilafu zake yenyewe. Wanafunzi wengi wa kerneli wamekesha wakitafuta hitilafu ya vekta ya 8 ambayo haikuwepo, kumbe ni saa tu inagonga. Hamishia 0x20 na kuendelea. Mwisho wa kila katizo andika 0x20 kwenye chipu husika, na kama lilitoka kwenye chipu ya pili, andika kwa zote mbili.

Inapokwama. Dalili yake ya kwanza ni katizo la uongo: laini ya 7 au ya 15 inalia, lakini ukisoma rejista ya huduma ndani ya chipu, biti yake haipo. La 7 lisilo la kweli haliambiwi limekwisha. La 15 lisilo la kweli linahitaji chipu ya kwanza pekee iambiwe, kwa maana yenyewe haijui kwamba ilidanganywa. Shida ya pili ni msongamano. Vifaa vya PCI vinagombea laini chache zilizobaki, aghalabu 5, 9, 10 na 11, na kadi ya mtandao, ya sauti na USB zinajikuta kwenye laini moja, kila draiva ikiulizwa "ni wewe?" kila mara. Kwa mashine ya kazi nyingi prosesa ya kwanza itachoka huku ya pili ikipumzika.

Inamfaa nani. Anayeanza kerneli na bado hajawasha prosesa ya pili. Anayetaka kuthibitisha kwamba draiva yake ni nzima kabla ya kulaumu ramani. Na anayeokoa data kwenye mashine inayoganda wakati wa kuwaka: hapa PIC ni kama mlango wa uani, mwembamba lakini uko wazi siku zote.

## Njia ya pili: jedwali la MP

Ramani. Intel ilitoa maelezo ya mfumo huu 1994 kama toleo la 1.1, kisha 1.4 baadaye. Ukiingia kwenye mpangilio wa BIOS wa mashine za wakati huo unaweza kukuta chaguo la "MPS 1.1" au "1.4", ndilo hili. Kerneli inatafuta saini `_MP_` kwenye kilobaiti ya kwanza ya eneo la ziada la data la BIOS, au kilobaiti ya mwisho ya kumbukumbu ya msingi, au kati ya 0xF0000 na 0xFFFFF, kila baada ya baiti 16. Saini hiyo inakupeleka kwenye jedwali lenyewe, linaloanza na `PCMP`. Jumlisha baiti zake zote. Zikitoa sifuri kwenye baiti ya chini, jedwali ni zima.

Ndani kuna maingizo ya aina tano: prosesa, njia za data, IO-APIC, makatizo ya vifaa, na makatizo ya ndani. La prosesa lina baiti 20, mengine 8. Hebu tulisome moja la aina ya nne, lile la kadi yangu:

`03 00 0F 00 00 2C 02 13`

03 ni aina: katizo la kifaa. 00 inasema ni katizo la kawaida. 0F 00 ni bendera: biti mbili za chini zinasema waya unalia ukiwa chini, mbili zinazofuata zinasema ni kwa kiwango. 00 ni namba ya njia ya data, hapa PCI ya kwanza. 2C ndiyo yenye utamu: biti mbili za chini ni sifuri, maana yake INTA, pini ya kwanza ya katizo ya kifaa, na zinazofuata zinatoa 11, yaani kifaa cha 11. 02 ni utambulisho wa IO-APIC. 13 kwa mfumo wa kumi na sita ni 19. Jibu langu la wikendi mbili lilikuwa ndani ya baiti 8 ambazo kerneli yangu ilizipita bila kuzisoma.

Bendera zikiwa sifuri zinakuambia ufuate desturi ya njia husika: ISA kwa ukingo na juu, PCI kwa kiwango na chini. Usidhani sifuri ni "juu" kila mahali.

Prosesa. Zote. IO-APIC inaweza kupeleka kila pini kwenye prosesa unayoitaka, na chipu ya kawaida ya wakati ule, 82093AA, ina pini 24. Ila kuna kikomo cha kuheshimu: majedwali ya MP kwa kawaida yaliorodhesha prosesa halisi tu. Kwenye Xeon zenye nyuzi mbili kwa kila prosesa, jedwali la MP litakuonyesha nusu ya zile ambazo ACPI inazitaja.

Kazi ya kuandika. Ya wastani, na ya kufurahisha. xv6, kerneli ya kufundishia ya MIT, katika toleo lake la x86 ilitumia njia hii ya MP kutafuta prosesa, na faili linalosoma jedwali ni fupi kiasi cha kusomwa kwa kikao kimoja. Ukishapata ramani, IO-APIC ina madirisha mawili tu kwenye anwani inayotajwa na jedwali, kwa kawaida 0xFEC00000: unaandika namba ya rejista kwenye dirisha la kwanza, unasoma au kuandika thamani kwenye la pili lililoko 0x10 mbele. Pini ya 19 ina rejista mbili, 0x36 na 0x37, kwa sababu zinaanza 0x10 na kila pini inachukua mbili. Kwa vekta 0x51, waya wa chini, kwa kiwango, andika 0xA051 kwenye 0x36. Kwa prosesa yenye utambulisho 1, andika 0x01000000 kwenye 0x37. Anza na hii ya pili, maana ile ya kwanza ndiyo inayofungua pini.

Ziba PIC zote mbili kwa kuandika 0xFF kwenye 0x21 na 0xA1, lakini zihamishe vekta zake kwanza, kwa kuwa katizo la uongo linaweza kupenya hata zikiwa zimezibwa. Kama muundo wenye saini ya `_MP_` una biti ya IMCR, rejista inayobadili njia ya waya wa PIC, andika 0x70 kwenye poti 0x22 na 0x01 kwenye 0x23. Bila hivyo kwenye mashine hizo waya wa PIC unaendelea kuipita APIC pembeni.

Na tawanya vekta zako. APIC za Pentium na familia ya P6 zinashika makatizo mawili tu kwa kila ngazi ya kipaumbele, na ngazi ni nusu ya juu ya vekta. Ukizipanga zote kati ya 0x30 na 0x3F umezibana kwenye ngazi moja.

Inapokwama. Jedwali liliandikwa na mtengenezaji wa ubao mama, na watengenezaji hukosea. Kosa maarufu ni la saa. Kwenye mbao nyingi IRQ 0, ile laini ya 0 ya saa, haiishii pini ya 0. Inaishia pini ya 2, na pini ya 0 inapokea waya wa PIC. Jedwali lisiposema hivyo, saa haigongi na mashine inasimama mapema sana. Linux hujaribu njia kadhaa kabla ya kukata tamaa, na ikilazimika huandika kwamba BIOS ina kasoro na saa haikuunganishwa na IO-APIC. Kasoro nyingine ni laini za PCI zisizoorodheshwa kabisa, na ndiyo sababu Linux iliweka neno la kuwashia `pirq=` ili mwenye mashine azitaje mwenyewe kwa mkono.

Halafu kuna kadi zenye daraja la PCI ndani yake, kama zile za mtandao za poti nne. BIOS haijui utachomeka nini, hivyo vifaa vilivyo nyuma ya daraja mara nyingi havimo kwenye jedwali. Panda juu: chukua pini ya kifaa, jumlisha namba ya kifaa, gawa kwa nne, baki ndiyo pini ya daraja. Rudia mpaka ufike kwenye njia iliyotajwa. Usipoweka hesabu hii, kadi ya poti nne itakaa kimya huku ya poti moja ikifanya kazi kwenye tundu lilelile.

Inamfaa nani. Mwenye mashine za Pentium, Pentium Pro, Pentium II na III, anayetaka prosesa zote zifanye kazi bila kubeba msimbo mkubwa. Pia mwalimu, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuufuata waya kwa kidole kuanzia baiti za jedwali hadi rejista.

## Njia ya tatu: ACPI

Ramani. Intel, Microsoft na Toshiba walitoa toleo la kwanza Desemba 1996. Makatizo yamegawanyika sehemu mbili, na kutozitofautisha ndiko kunakowachanganya wengi. Sehemu ya kwanza ni MADT, jedwali lenye saini `APIC`: linataja prosesa zote, IO-APIC zote pamoja na namba ya kuanzia ya kila moja, na tofauti za laini za ISA. Mfano wa tofauti:

`02 0A 00 00 02 00 00 00 00 00`

Aina ya 2, urefu wa baiti 10, ISA, laini ya 0, inaishia 2. Ni ile saa tuliyoizungumzia. Utakuta pia laini ya 9 ikiwa na bendera 0D 00, yaani waya wa juu lakini kwa kiwango; ukiifuata desturi ya ISA hapo utakosea.

Sehemu ya pili ni waya za PCI, na hizi hazimo kwenye MADT. Ziko kwenye `_PRT`, ndani ya msimbo wa AML, lugha ya programu ya ACPI, ambao kerneli yako inapaswa kuutekeleza. Kadi yangu kwa lugha hiyo inasomeka hivi: anwani 0x000BFFFF, pini 0, chanzo 0, namba 19. Ni kifaa cha 11, INTA, pini ya 19. Waya ni uleule, ila mtu wa kuutaja amebadilika.

Prosesa. Zote, pamoja na nyuzi za ndani ya prosesa. Hapa ACPI haina mshindani kwenye mashine za 2002 na kuendelea.

Kazi ya kuandika. Kusoma MADT ni rahisi, pengine rahisi kuliko MP: kila ingizo linataja urefu wake, kwa hiyo usilolijua unaliruka. `_PRT` ni habari nyingine. Unahitaji mkalimani wa AML. Upo ACPICA wa Intel, unaotumiwa na Linux na FreeBSD, na unaweza kuuingiza kwenye kerneli yako, lakini ni msimbo mkubwa kuliko kerneli nyingi za kujifunzia, nao unadai uwe na kumbukumbu, kufuli na saa vinavyofanya kazi kabla haujaanza. Watu wengi wanakwama hapa kwa miezi, na si kwa uvivu.

Kabla ya kuuliza `_PRT`, ita `_PIC` kwa thamani ya 1. Usipoita, AML inadhani bado uko kwenye PIC na inakupa majibu ya PIC. Mtego ni uleule wa namba 11, umevaa nguo mpya.

Inapokwama. ACPI za mwanzo zilikuwa na kasoro nyingi kiasi kwamba Linux iliwahi kuwa na mpangilio wa kuikataa ACPI kwa kuangalia mwaka wa BIOS, mpaka mtumiaji aandike `acpi=force`. Kwenye mbao za nForce2 BIOS nyingi zilitaja vibaya pini ya saa, ndiyo maana kukawa na `acpi_skip_timer_override`. Kasoro ya ACPI ni ngumu kuiona kwa sababu ramani ni programu na si orodha: huwezi kuikagua kwa kuchapisha baiti 8. Kwa upande wake, mtengenezaji akitoa BIOS mpya, sehemu anayoitunza ni ACPI. Jedwali la MP hubaki lilivyokuwa.

Inamfaa nani. Anayetaka kerneli moja iwake kwenye mashine ya 2003 na kwenye mashine ya leo. Na yeyote anayewasha kwa UEFI, mrithi wa BIOS, ambako kwa kawaida hakuna jedwali la MP la kutafuta.

## Kuchanganya

Wapo wanaosoma MADT kwa prosesa na jedwali la MP kwa waya za PCI, ili wasibebe mkalimani wa AML. Naiheshimu njia hii na nimeitumia. Angalia lugha mbili zisigongane: MP inataja utambulisho wa IO-APIC na pini, ACPI inataja namba moja inayohesabu pini zote za IO-APIC zote kwa mfululizo. Linganisha IO-APIC kwa anwani zake, maana anwani imo kwenye majedwali yote mawili.

## Hali yako ni ipi?

Unaandika kerneli ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta, na bado hujagusa chuma halisi: tumia MP, kisha jaribu pia kwa `-machine q35`. Mashine ya kawaida ya `pc` humo inapeleka vifaa vya PCI kwenye 10 na 11 kwa PIC na IO-APIC pia, hivyo anayesoma 0x3C anafaulu bila kustahili. Kosa langu lilijificha hapo kwa miezi. q35 hupeleka waya hizo kwenye 16 na kuendelea, na kosa linajitokeza siku ya kwanza.

Una mashine ya prosesa mbili ya kabla ya 2000: soma MP kwanza, ACPI uiache. Kwenye Linux ni `acpi=off`; kwenye FreeBSD ni `hint.acpi.0.disabled="1"`, na huko kuna programu ya `mptable` itakayokuchapishia jedwali zima usome kwa macho yako.

Mashine ni ya kati ya 2000 na 2003: jaribu zote mbili uzilinganishe. Kwenye Linux kuna hatua ya katikati, `acpi=noirq`, inayoiacha ACPI ifanye kazi nyingine bila kugusa makatizo. Zikitofautiana kwa pini moja tu, amini ile ambayo kifaa kinalia nayo. Lazimisha kifaa kitoe katizo, kisha soma biti ya 14 na ya 12 za kila pini kwenye IO-APIC uone ipi imeguswa.

Kumbukumbu za kerneli zimejaa makosa ya APIC kwenye mashine ya Pentium II au III: hapo ramani haihusiki. APIC za wakati ule zilizungumza kupitia waya tatu kwenye ubao mama, na kelele za umeme zinaharibu ujumbe. Kagua umeme na vipoza, na kama mashine inahitajika leo, iwashe kwa `noapic`. Usitumie `nolapic` hapo, kwani inazima APIC za ndani na utabaki na prosesa moja.

Unafundisha: anza na PIC wiki ya kwanza, MP wiki ya pili, na wape wanafunzi baiti 8 za pini ya 19 wazisome kwa penseli kabla hawajaandika mstari wowote.

Unajenga kitu cha kudumu miaka mingi: beba ACPI, lakini andika sehemu ya IO-APIC bila kujua ramani imetoka kwa nani. Ipe kifaa, pini, kiwango na upande, basi. Siku ukikutana na ubao unaodanganya kwenye `_PRT`, utaweza kumbadilisha msemaji bila kugusa rejista hata moja.